Fimbo za Tiger, Kalamu ya Marehemu: Kumbukumbu za Gofu na Ughushi wa Mtandaoni

Aprili 2022, katika wiki ya mashindano ya Masters, seti moja ya fimbo za gofu iliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni nchini Marekani kwa zaidi ya dola milioni 5.1. Zilikuwa fimbo za chuma za Titleist pamoja na weji mbili za Vokey. Kampuni ya mnada, Golden Age, ilisema ndizo alizotumia Tiger Woods kati ya 2000 na 2001 alipobeba mataji manne makubwa mfululizo: US Open, British Open, PGA, kisha Masters. Seti hiyohiyo ilikuwa imeuzwa mwaka 2010 kwa takriban dola 57,000. Na mwaka huohuo wa 2010, wakala wa Woods alisema seti halisi iko nyumbani kwa Woods mwenyewe.

Aaminiwe nani? Upande wa muuzaji alikuwepo Steve Mata, mtu wa Titleist aliyekuwa akimshughulikia Woods vifaa vyake enzi hizo. Alisema fimbo hizo zilibaki mikononi mwake Woods alipobadilisha seti, na akakubali kupimwa kwa mashine ya kugundua uongo, akapita. Upande wa pili ilikuwepo kauli ya kambi ya mchezaji. Mnunuzi alisikiliza pande zote mbili, akatoa hela. Sina sababu ya kusema alipotea. Kinachonivutia ni kile alichokilipia, maana fimbo za aina hiyo zilizotumika, zisizo na jina la mtu, ni za dola mia chache tu. Mamilioni yaliyobaki yalikwenda kwenye maelezo: nani alizishika, lini, na zilipita kwa nani hadi kufika hapo.

Hapo ndipo anapoingia mghushi. Yule mjuzi hahangaiki sana na chuma, kitambaa au karatasi. Vitu hivyo anavinunua dukani kama wewe na mimi. Kazi yake ni kukitungia kitu halali historia isiyo yake. Ndiyo maana mnunuzi anayekodoa macho kwenye picha ya saini, akiikuza mpaka inavunjika vipande, mara nyingi anakagua sehemu ambayo tapeli ameifanyia mazoezi, na kuiacha ile ambayo hakuifikiria.

Chukua bendera ya shimo, ile yenye namba au nembo ya mashindano, ambayo ndiyo kumbukumbu ya gofu inayouzwa zaidi ikiwa na saini. Bendera yenyewe huwa halisi. Mashindano makubwa huuza bendera za ukumbusho kwa maelfu, zikiwa tupu. Tapeli ananunua fungu, anatia wino, na bei inaruka mara kumi au ishirini. Ukiikagua kwa nyuzi, lebo na rangi, yote ni sahihi. Bandia ni wino tu.

Sasa tazama bendera moja kwa karibu. Ni ya US Open ya 1999, iliyochezwa Pinehurst, na inadaiwa kuwa na saini ya Payne Stewart. Stewart alishinda pale tarehe 20 Juni 1999. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo alifariki katika ajali ya ndege. Kwa hiyo kila bendera halisi ya ushindi ule yenye saini yake ilisainiwa ndani ya miezi minne na siku chache, na mtu ambaye muda wote huo alikuwa safarini akicheza. Zingeweza kuwa ngapi? Hakuna anayeweza kukutajia hesabu, lakini haziwezi kuwa nyingi kama zile zinazojitokeza sokoni mwaka hadi mwaka. Muuzaji mwenye bendera ya namna hiyo hana budi kukueleza ilisainiwa wapi katika miezi hiyo minne. Akikujibu kwamba “ilitoka kwenye mkusanyiko wa mzee mmoja”, hajakujibu kitu.

Kalenda, kwa maoni yangu, ni kifaa bora kuliko miwani ya kukuzia. Haihitaji utaalamu wa miandiko na haina upendeleo. Mashindano ya Masters yalianza mwaka 1934 kwa jina la Augusta National Invitation Tournament, na jina la Masters likawa rasmi mwaka 1939. Beji au programu ya “Masters 1934” yenye jina hilo likiwa limechapwa kwa mbwembwe kama la leo inapaswa kukushtua. Koti la kijani walianza kulivaa wanachama wa Augusta National, klabu inayoandaa mashindano hayo, mwaka 1937. Mshindi wa kwanza kuvikwa kwa ajili ya ushindi alikuwa Sam Snead mwaka 1949. Anayekuuzia koti ambalo mshindi “alivalishwa mwaka 1935” hajasoma hata kurasa mbili za historia ya anachokiuza.

Kalamu nazo zina umri wake. Kalamu ya wino mzito aina ya Sharpie, inayopendwa na wanaosaini bendera na kofia, iliingia sokoni mwaka 1964. Kalamu ya kawaida yenye ncha ya kigololi ilianza kuuzwa madukani Marekani mwishoni mwa 1945. Harry Vardon, Mwingereza aliyeshinda British Open mara sita, alifariki mwaka 1937. Saini yake kwa wino wa kalamu ya kisasa haina haja ya mtaalamu, maana alikuwa kaburini kalamu hiyo ilipofika dukani. Hata karatasi ina siri yake. Tangu miaka ya 1950 viwanda vingi vimekuwa vikitia kemikali za kung'arisha weupe, na karatasi ya namna hiyo hung'aa buluu chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, taa ambayo ukiitafuta unaipata kwa bei ndogo. Picha “ya mwaka 1920” inayong'aa hivyo imechapwa miaka mingi baadaye.

Wapo pia wachezaji ambao saini zao zilibadilika kwa ugonjwa na uzee, na hapa matapeli hujikwaa sana. Bobby Jones, mwasisi wa Augusta National, alianza kuugua ugonjwa wa uti wa mgongo mwishoni mwa miaka ya 1940, na miaka ilivyokwenda mikono yake ilidhoofika mpaka kushika kalamu kukawa taabu. Kitabu chake Golf Is My Game kilitoka mwaka 1960. Nakala ya kitabu hicho yenye saini nyoofu, ya haraka, ya kijana aliyekuwa bingwa mwaka 1930, inapendeza macho, na hilo ndilo tatizo lake. Jones wa 1960 hakuwa na mkono huo tena. Tapeli alinakili saini nzuri kuliko zote alizozipata, akasahau kuuliza mwenyewe alikuwa na hali gani mwaka huo.

Ukitaka kuangalia saini yenyewe, angalia mwendo wake kabla ya umbo. Mtu anayeandika jina lake huandika bila kufikiri: mstari unaanza kalamu ikiwa tayari inatembea, unamalizika kwa ncha nyembamba, na haujali herufi zisizosomeka. Anayenakili huchora. Wino hujikusanya pale alipoanza na pale aliposita, mistari inamalizika butu, na kuna mtetemo mdogo kwenye mikunjo mirefu. Saini mbili za mtu mmoja hazilingani kabisa. Ukizikuta mbili zinazolaliana bila tofauti hata ya unywele, ni kazi ya mashine ya kusaini au ni chapa. Chapa utaijua kwa vidoto vyake ukiikuza, na kwa kuwa haina mng'ao wa wino unapoinamisha picha kwenye mwanga. Muombe muuzaji akupigie picha ya upande, taa ikiwa pembeni. Mwenye mali halisi atakupigia.

Mipira iliyosainiwa ningeiacha kabisa. Uso wake wenye vibonyeo huifanya kalamu irukeruke, hivyo hata saini halisi inaonekana ya kulazimishwa, na ya kughushi inapata kisingizio. Woods anajulikana kwa kukataa kusaini mipira. Ukikutana na mpira wake unaouzwa kwa bei chee, bei hiyo nayo ni sehemu ya mtego: ni ndogo kiasi cha kukufanya ubahatishe, ila ukiizidisha kwa wabahatishaji mia tapeli anakula vizuri.

Sasa vyeti. Wanunuzi wengi hupumua wakiona maneno “ina cheti cha uhalisi”. Cheti ni karatasi, na printa ziko kila mtaa. Miaka ya 1990 FBI waliendesha uchunguzi uliopewa jina la Operesheni Bullpen, wenye kitovu chake San Diego, wakausambaratisha mtandao mkubwa wa waghushi wa saini za wanamichezo na watu mashuhuri. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana ni mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Unaweza kucheka, lakini bidhaa za mtandao ule ziliingia sokoni zikiwa na vyeti, na vyeti hivyo vilitolewa na watu waliojiita wataalamu. Makadirio waliyopewa wapelelezi na wenye biashara wenyewe yalisema zaidi ya nusu ya saini za aina hiyo sokoni ni za kughushi. Hayo ni makadirio tu, ila yalitoka kwa watu ambao wangefaidika kusema vinginevyo.

Kwa hiyo uliza cheti ni cha nani. Viko vya aina tatu, na havilingani hata kidogo. Cha kwanza ni kile anachojiandikia muuzaji mwenyewe. Hicho hakina uzito zaidi ya neno lake, na kama neno lake ungeliamini usingekihitaji. Cha pili ni cha kampuni za kukagua saini kama PSA, JSA na Beckett. Hawa hulinganisha saini na mifano waliyo nayo kisha wakatoa maoni. Ni maoni ya watu wenye uzoefu, yana thamani kubwa, lakini ni maoni, nao wamewahi kukosea. Cha tatu ndicho chenye nguvu zaidi: cha mtu aliyekuwepo kalamu ilipogusa kitu. Woods ana mkataba na kampuni ya Upper Deck tangu mwaka 2001. Anaposaini kwa ajili yao huwepo shahidi, na kila kitu hubandikwa stika ya hologramu yenye namba yake. Saini za Woods zilizo nje ya njia hiyo zipo, maana alisaini vitu vya mashabiki viwanjani tangu ujana wake. Lakini anayeuza moja ya hizo amebeba mzigo mzito wa kuthibitisha, na asikuhamishie wewe.

Stika nazo hughushiwa. Julai 2025 polisi wa Westfield, jimbo la Indiana, walipekua biashara moja ya kumbukumbu za michezo, na wenye soko wakaamka kuuliza ni hologramu ngapi za bandia zimeshaingia kwenye makabati ya watu. Kuna ujanja mwingine ambao ni mbaya zaidi: stika yenye namba halisi, iliyobanduliwa kwenye kitu halisi au kunakiliwa kutoka kwenye picha ya mtandaoni, ikabandikwa kwenye feki. Ndiyo maana kuiandika namba kwenye tovuti ya kampuni na kuona neno “ipo” hakutoshi. Soma namba hiyo ni ya kitu gani. Kama rekodi inasema picha ya inchi nane kwa kumi na wewe unauziwa bendera, biashara imeishia hapo. Kampuni nyingine huweka na picha ya kitu chenyewe kwenye rekodi. Linganisha mahali saini ilipokaa, mkunjo kwa mkunjo.

Kwenye fimbo ughushi una sura mbili. Ya kwanza ni bidhaa nzima ya bandia, kiwanda kizima kikiiga Titleist, Callaway, TaylorMade au PING. Kampuni hizo ziliunda kikundi cha kupambana na bandia mwaka 2004, na mwaka 2020 polisi wa Shanghai walikamata zaidi ya bidhaa 120,000 za gofu za kughushi katika msako mmoja. Hizi humsumbua zaidi mchezaji anayetaka fimbo za kuchezea. Mkusanyaji anaumizwa na sura ya pili, ambapo fimbo halali ya dukani hugeuzwa kuwa ya bingwa kwa kupigwa mhuri. Fimbo za Scotty Cameron za kusukumia mpira shimoni, zilizotengenezwa kwa ajili ya wachezaji wa kulipwa, huwa na alama ya herufi T ndani ya duara. Ni alama ndogo inayoongeza bei mara nyingi, na mtu mwenye nyundo na mhuri anaweza kuipiga jikoni kwake. Bahati nzuri mtengenezaji mwenyewe ana huduma ya kukagua fimbo zake na kutoa uthibitisho. Muuzaji wa fimbo ya maelfu ya dola ambaye hajaipeleka huko, na hataki wewe uipeleke kabla ya kulipa, amekwisha kukujibu.

Kwa fimbo kongwe za mbao, zile za mpini wa hikori, tatizo kubwa ni sifa za uongo kuliko uigaji. Ziliundwa kwa wingi sana kabla R&A, wasimamizi wa kanuni za gofu, hawajaruhusu mipini ya chuma mwaka 1929, na nyingi hazina thamani ya kutisha, hata zikiwa na miaka mia. Muuzaji anayeandika “adimu” kwenye kila moja anatafuta asiyejua. Kwenye fimbo za karne ya 19 zenye kichwa kirefu cha mbao, geuza chini, angalia skrubu. Skrubu ya nyota, ile ya bisibisi yenye ncha ya msalaba, ni ya miaka ya 1930. Mipira ya zamani ya ngozi iliyojazwa manyoya, iliyotamba mpaka mpira wa gata (utomvu mgumu wa mti) ulipoingia mwaka 1848, huigwa pia, wakati mwingine kwa nia njema kabisa na mafundi wanaouza kumbukumbu kwa watalii. Udanganyifu huanza kwa mwenye mkono wa pili au wa tatu, anayebandua lebo ya fundi na kuupaka mpira chai ili uonekane mkongwe.

Kuhusu wauzaji wa mtandaoni wenyewe sina mengi mapya. Chukua picha ya tangazo, itafute mtandaoni uone kama ilishawahi kutumika mnadani miaka ya nyuma na mtu mwingine. Tazama vitu vingine anavyouza: mtu mmoja mwenye vitu vya Ben Hogan, Arnold Palmer, Woods na Seve Ballesteros, vyote vimesainiwa kwa wino uleule wa buluu, ana kiwanda. Kataa kulipa kwa njia isiyorudisha hela, iwe ni PayPal ya kutumiana marafiki na ndugu au kumtumia mgeni pesa moja kwa moja kwenye simu, hata akikupunguzia bei kwa ajili hiyo. Mzigo ukifika, ufungue huku simu inarekodi, na uupeleke kukaguliwa kabla muda wa kurudisha haujakwisha, maana siku hizo hupita upesi kwa anayesubiri posta kutoka Marekani hadi Mombasa au Mwanza.

Lipo jambo moja ambalo wanaoogopa feki hulisahau: kitu kinaweza kuwa halisi na bado kikakuponza. Mwaka 2024 mfanyakazi wa ghala la Augusta National alikiri mbele ya mahakama ya shirikisho jijini Chicago kwamba kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa akiiba mali za klabu na kuziuza kupitia madalali wa Florida. Miongoni mwa vilivyoibwa yalikuwa makoti ya kijani ya Arnold Palmer, Ben Hogan na Gene Sarazen. Hakuna kampuni ya kukagua saini ambayo ingemwokoa mnunuzi wa makoti hayo, kwa sababu yalikuwa makoti yenyewe hasa. Kilichopaswa kumtia shaka ni kanuni ya klabu: mshindi huondoka na koti kwa mwaka mmoja, kisha hulirudisha klabuni. Basi lolote lililoko sokoni lazima liwe na maelezo ya namna lilivyotoka. Mengine yanayo. Koti alilopewa miaka mingi baadaye Horton Smith, mshindi wa 1934, liliuzwa mwaka 2013 kwa zaidi ya dola 682,000. Jingine lilinunuliwa kwenye duka la mitumba Toronto mwaka 1994 kwa dola 5, na mwaka 2017 likafika dola 139,000 na ushei. Hadithi hii ya mwisho ni ya kweli, na nadhani imewatajirisha matapeli kuliko mwenye koti, kwa kuwa tangu hapo kila mwenye uongo anaanzia kwenye duka la mitumba.

Anayeanza ningemshauri aelekee kule ambako kughushi hakulipi. Programu za mashindano, tiketi, vitabu na picha za magazeti zisizo na saini hazimpi tapeli faida ya kumtoa jasho. Hata kadi zina nafuu. Ile ya Tiger Woods iliyotolewa na jarida la Sports Illustrated for Kids mwishoni mwa 1996 ilichanwa kutoka kwenye karatasi ya kadi tisa, hivyo kingo zake lazima ziwe na meno ya mchano. Yenye kingo laini zilizonyooka imekatwa kwa mkasi, au si ile.

Na kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna shamba ambalo wakusanyaji wa ng'ambo wamelipita haraka. Kenya Open imechezwa tangu 1967. Seve Ballesteros aliibeba mwaka 1978, mwaka mmoja kabla ya kushinda British Open yake ya kwanza, na Ian Woosnam akaibeba mwaka 1986, miaka mitano kabla ya Masters yake. Magazeti ya Nairobi ya wiki zile yapo, na wazee waliokuwa makedi au wajumbe wa kamati bado wana makabrasha ndani ya masanduku. Mtu akikuletea programu ya 1978 iliyokunjwa, yenye alama zilizojazwa kwa penseli na mtazamaji, inunue kwa bei ya karatasi ya zamani, na muulize aliipataje, uandike jina lake na tarehe nyuma ya bahasha. Akikuletea ileile wiki ijayo ikiwa na saini ya Seve na bei mara hamsini, mrudishie, kisha uchungulie kama penseli ile ya mtazamaji iko juu ya wino au chini yake.